Jirani Anayekunywa Maji Baada Yetu

Je, kukata mti ni dhambi? Swali hili huulizwa katika sharika zetu mara nyingi kuliko linavyojibiwa. Huulizwa na kijana wa kipaimara anayezijua amri zote kumi kwa moyo na haoni hata moja inayotaja msitu. Huulizwa na mzee wa kanisa mwenye shamba kando ya mto, aliyeambiwa na ofisi ya kijiji kwamba haruhusiwi kulima ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Huulizwa pia na mama anayechoma mkaa ili watoto wake wapate sare za shule. Watatu hawa hawaulizi kwa sababu moja, wala hawastahili kupewa jibu moja la haraka. Lakini wote wana haki ya kujua kama Kanisa lina neno la kuwaambia, au kama mazingira ni habari ya serikali na wataalamu peke yao.

Tunaamini neno lipo. Ili tulipate, inatupasa kwanza tuangalie jinsi uumbaji ulivyofungamana, kisha tuulize Maandiko yanatuweka wapi ndani yake.

Nyumba na wakili wake

Neno ikolojia lilitungwa mwaka 1866 na mwanasayansi wa Ujerumani, Ernst Haeckel. Alilijenga juu ya neno la Kigiriki oikos, maana yake nyumba. Ikolojia, basi, ni elimu ya nyumba: nani anaishi humo, anakula nini, anaacha nini, na anamtegemea nani. Msomaji wa Agano Jipya la Kigiriki hukutana na mzizi huohuo mahali pengine. Yule wakili wa Luka 12 na Luka 16 anaitwa oikonomos, yaani msimamizi wa nyumba ya mwingine. Ikolojia inauliza nyumba imepangwaje. Uwakili unauliza nani atatoa hesabu yake.

Katika sharika zetu neno uwakili limezoeleka kwa maana finyu kidogo. Likitajwa, tunafikiria bahasha, ahadi na sikukuu ya mavuno. Hayo ni mema, na kazi ya Bwana inayahitaji. Ila wakili wa kwanza katika Biblia hakupewa bahasha, alipewa bustani. Mwanzo 2:15 inamkabidhi mtu kazi mbili kwa pamoja, kulima na kutunza. Kulima ni kutumia: kula, kujenga, kuuza, kusomesha. Kutunza ni kuhakikisha kwamba bustani inabaki kuwa bustani baada ya sisi kula. Neno la Kiebrania linalobeba maana ya kutunza hapo ni lilelile linalosikika katika baraka ya Haruni, Hesabu 6:24, tunapoombewa ulinzi wa Bwana mwisho wa ibada. Kila Jumapili tunatoka kanisani tukiwa tumewekwa chini ya ulinzi huo. Aliyelindwa hivyo ndiye anayetumwa kulinda.

Kanuni tatu za nyumba hii

Wataalamu wa ikolojia wanajua mengi, lakini tukichukua mambo matatu tu, yanatosha kumwelekeza wakili mwaminifu.

La kwanza, hakuna kiumbe anayeishi peke yake. Tuangalie Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara waliingizwa ziwani humo ili wavuvi wapate samaki wakubwa. Kabla ya hapo ziwa lilikuwa na mamia ya aina za furu, samaki wadogo ambao wengi waliwaona hawana thamani kubwa. Sangara waliwala. Aina nyingi za furu zimetoweka, nazo hazikuwepo mahali pengine popote duniani. Baadhi ya furu hao walikuwa wakila mwani na mabaki yaliyozama chini, hivyo walisaidia kulisafisha ziwa. Kisha jambo jingine likatokea nchi kavu. Samaki wadogo hukaushwa kwa jua, lakini sangara ni mkubwa na ana mafuta mengi. Huhitaji kukaangwa au kubanikwa kwa moshi, na moshi unataka kuni. Samaki aliyetiwa majini akawa sababu ya miti kukatwa pwani ya ziwa. Hatusemi sangara hakuleta faida, maana viwanda vya minofu vimelisha familia nyingi Mwanza, Kisumu na Jinja. Tunasema faida ile ilikuja na deni, na deni lile halikuandikwa popote. Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

La pili, hakuna kinachopotea, kila kitu huenda mahali. Tuingie katika kihamba cha mkulima wa Kilimanjaro. Juu kabisa kuna miti mirefu kama mruka na mringaringa. Chini yake kuna migomba, chini ya migomba kuna kahawa, na chini kabisa magimbi, mboga na majani ya mifugo. Ng'ombe yuko zizini. Anakula majani na mabua ya migomba, na samadi yake inarudi shinani mwa mgomba. Majani yanayoanguka yanaufunika udongo na kuwa udongo. Taka ya mmoja ni chakula cha mwingine, ndiyo maana ardhi ile imelisha watu wengi kwa vizazi vingi. Sasa tuiangalie chupa ya plastiki iliyobaki uwanjani baada ya harusi. Haina anayeila. Tunaposema tumeitupa, tumeihamisha tu, kutoka uwanja wa kanisa hadi mfereji, kutoka mfereji hadi mto, kutoka mto hadi bahari. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Sheria hizo zilifunga mlango mmoja. Milango mingine funguo zake tunazo sisi.

La tatu, kila kitu kina kipimo. Msitu hukua kwa mwendo wake, chemchemi hujaa kwa mwendo wake, na samaki huzaa kwa majira yake. Kumbukumbu la Torati 22:6-7 ina sheria ndogo ambayo wengi huipita haraka. Mtu akikuta kiota njiani, anaruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama yao amwache aende zake. Ajabu ni kwamba sheria hii ndogo imepewa ahadi kama ile ya kuwaheshimu baba na mama, yaani kufanikiwa na kuongezewa siku. Mantiki yake haihitaji shahada. Aliyechukua makinda amechukua faida. Aliyemchukua na mama amekula mtaji, na mwaka ujao hakuna kiota. Nyavu zenye matundu madogo mno zinakula mtaji. Shamba linalolimwa mfululizo bila kupumzishwa wala kurudishiwa samadi linakula mtaji. Walawi 25 iliiwekea ardhi mwaka wa kupumzika, na sababu yake imetajwa katika mstari wa 23: ardhi ni mali ya Bwana, na sisi ni wageni na wapangaji wake.

Mlima, mto na jirani

Kanuni hizi tatu zinakutana katika safari ya maji ya Mlima Kilimanjaro. Wengi hudhani maji hayo yanatoka kwenye barafu ya kileleni. Barafu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912, na ni haki tuihuzunikie. Lakini sehemu kubwa kabisa ya maji yanayoteremka mlimani hutoka katika ukanda wa msitu. Hapo mvua ni nyingi, na miti hunasa hata ukungu. Matone hukusanyika kwenye majani na kwenye mimea midogo iliyojishikiza kwenye magome, kisha hudondoka chini. Udongo laini wa msitu huyameza na kuyaachia polepole kwenye chemchemi, hata katika miezi ya kiangazi. Msitu ukiondolewa, mvua inayonyesha haikai. Inakimbia na udongo wetu, nasi tunapata mafuriko leo na ukame kesho.

Tuyafuate maji hayo. Kwanza yanaingia katika mifongo, ile mifereji ambayo wazee wa Uchagga waliichimba tangu karne nyingi zilizopita na kugawana maji yake kwa zamu. Kisha yanafika tambarare za Moshi, kwenye mpunga na miwa. Kisha yanaingia katika bwawa lililojengwa miaka ya 1960, ambalo jina lake ni Nyumba ya Mungu. Humo wavuvi wanategemea riziki. Kutoka hapo mto Pangani unateremka, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na mwisho unaingia Bahari ya Hindi kwenye mji wa Pangani. Mto ukifika pale ukiwa dhaifu, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini na kuingia mtoni, na mkulima wa pwani hukosa maji matamu aliyoyazoea.

Anayefyeka miti kwenye chanzo cha maji juu mlimani hamjui mvuvi wa Nyumba ya Mungu, wala hamjui mwenye shamba kule Pangani. Hawasali pamoja. Yamkini mmoja ni Mlutheri na mwingine ni Mwislamu. Hawatakutana msibani wala harusini. Lakini uhai wa mmoja unapita mikononi mwa mwingine kila siku.

Katika Luka 10 mwanasheria alimwuliza Yesu jirani yake ni nani. Alitaka mpaka, ili ajue wajibu wake unaishia wapi. Yesu alimpa habari ya Msamaria, na mpaka ukaondoka. Mto nao unafundisha vivyo hivyo. Jirani yetu ni yule anayekunywa maji baada yetu. Kuna anayekunywa baada yetu kwa sababu yuko chini ya mto. Kuna na anayekunywa baada yetu kwa sababu hajazaliwa. Huyu wa pili ni maskini kuliko maskini wote tunaowajua, kwa kuwa hana kura, hana mjumbe kwenye mkutano wa kijiji, na hawezi kutushtaki popote. Ana Mungu tu, na sisi.

Ni amri ipi?

Sasa tunaweza kumjibu kijana wa kipaimara. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, Luther alituonyesha kwamba kila amri ina sehemu mbili, lile tunalokatazwa na lile tunalotakiwa kutenda. Amri ya tano inakataza kuua, lakini inatutaka pia tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Anayemwaga mtoni mabaki ya dawa ya kuulia wadudu anaugusa mwili wa jirani, hata kama hajawahi kumwona. Amri ya saba inakataza kuiba, lakini inatutaka pia tumsaidie jirani kuilinda mali yake na njia yake ya kupata riziki. Anayekausha chemchemi ametwaa mavuno ya mtu mwingine bila kukanyaga shamba lake. Na katika ombi la nne la Sala ya Bwana, Luther anahesabu hali nzuri ya hewa, serikali njema na majirani waaminifu kuwa sehemu ya mkate wa kila siku. Hatuwezi kuomba mvua Jumapili na kuharibu vyanzo vya maji Jumatatu, kisha tukasema tumeomba ombi la nne kwa moyo.

Kwa hiyo kukata mti kwenyewe si dhambi. Kumbukumbu la Torati 20:19-20 inakataza kuangamiza miti ya matunda hata wakati wa vita, na papo hapo inaruhusu miti mingine ikatwe kwa kazi. Maandiko hayaabudu miti. Yanauliza: mti upi, mahali gani, kwa hitaji gani, na nani atakayelipa gharama yake? Mzee wa kanisa mwenye shamba kando ya mto aelewe hivyo ile Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, iliyoweka zile mita 60. Inamgharimu, na tusijifanye haimgharimu. Lakini kile anachokiacha ukingoni ni haki ya mtu mwingine.

Hata hivyo, tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu. Je, uumbaji una thamani kwa sababu tu unamfaa mwanadamu? Mwaka 1967 mwanahistoria wa Marekani, Lynn White, aliandika katika jarida la Science akiulaumu Ukristo wa Magharibi kwamba ulimfundisha mtu kuiona dunia kama kitu cha kutumia tu. Lawama hiyo tusiikimbie. Wapo waliosoma agizo la kutawala katika Mwanzo 1:28 kana kwamba ni kibali cha kupora. Lakini Biblia yenyewe inaeleza mtawala mwema ni nani. Zaburi 72 inamfananisha na mvua inayonyesha juu ya majani yaliyokatwa, naye huwatetea wahitaji. Kristo, Mtawala wetu, aliwaosha wanafunzi miguu. Tena Mungu aliviona viumbe vyake kuwa vyema kabla mtu hajaumbwa. Zaburi 104 inawataja punda wa mwituni, korongo, wibari na simba, na mwanadamu anatokea katikati yao akienda kazini kwake, mmoja wa wanaolishwa. Katika Ayubu 38:26 Mungu ananyeshea mvua nyika isiyo na mtu. Mwenye nyumba ana furaha yake mwenyewe katika vitu vyake. Wakili anayevunja asichokihitaji, kwa sababu tu hakimfai, amesahau nyumba ni ya nani.

Mama wa mkaa

Anabaki mama yule, na jibu lake ndilo gumu. Yakobo 2:15-16 inatukataza kumwambia mwenye njaa aende kwa amani huku hatumpi kitu. Kumwambia aache mkaa bila kumwonyesha njia nyingine ni maneno ya namna hiyohiyo. Tena mkaa wake hauliwi kijijini. Unapanda lori kwenda mjini, unapika chakula katika nyumba za watu wenye mishahara, na wengi wao ni washarika wenzetu. Kama kuna hatia, haikai juu ya kichwa cha mchomaji peke yake. Inagawanyika kwa mnunuzi, kwa mwenye lori, na kwa yeyote anayeweza kumudu gesi lakini anaendelea na gunia kwa mazoea.

Hapo wengine husema: mbona mataifa tajiri yamechoma makaa ya mawe na mafuta kwa vizazi vingi, na mchango wa Afrika katika uchafuzi huo ni mdogo sana? Ni kweli, na Kanisa liliseme bila woga, kwa kuwa wanaokosa mvua leo si wale waliochoma zaidi. Lakini deni kubwa la mwingine halifuti deni dogo letu. Luka 12:48 inamdai kila mtu kwa kadiri ya alichokabidhiwa. Aliyekabidhiwa viwanda ataulizwa viwanda. Aliyekabidhiwa ekari moja na chemchemi ataulizwa ekari moja na chemchemi.

Na dunia hii si itapita?

Wapo waumini wanaouliza kwa unyofu kwa nini tuhangaike na dunia ambayo, kwa 2 Petro 3, itapita. Kuna usemi unaopendwa sana, kwamba Luther alisema angepanda mtofaa hata kama mwisho ungekuwa kesho. Wataalamu hawajaupata katika maandishi yake, kwa hiyo tusiuegemee. Mfano wa Yesu unatutosha. Katika Luka 12 anayeharibu nyumba ni mtumwa anayejisemea kwamba bwana wake anakawia. Mtumwa anayejua bwana yuko njiani anaitengeneza nyumba. Na Warumi 8 inasema viumbe vyote vinaugua vikingoja kuwekwa huru pamoja na watoto wa Mungu. Vinatungoja sisi, nasi hatuwezi kuwa sehemu ya maumivu yao kwa kisingizio cha tumaini.

Hatupandi miti ili tuhesabiwe haki. Tumehesabiwa haki bure, kwa neema, kwa imani. Ndiyo maana mikono yetu iko huru kwa ajili ya jirani. Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa KKKT, amejulikana kwa miaka mingi kwa kuhimiza upandaji wa miti huko Kilimanjaro, na wanafunzi wa kipaimara wamekuwa miongoni mwa wapandaji. Ni mfano mzuri. Tuongeze jambo moja: mche usihesabiwe siku unapopandwa, uhesabiwe baada ya kiangazi cha tatu. Mtaa ukipanda miche hamsini na kuimwagilia, umefanya zaidi ya mtaa uliopanda elfu moja na kuiacha ifie shambani. Karibu na chemchemi tuchague miti ya asili inayotunza maji, wala si mikaratusi.

Mengine yako karibu nasi vilevile. Baraza la wazee linaweza kupitisha kwamba harusi na mikutano ya usharika itumie maji ya kwenye pipa na vikombe vya kuosha. Umoja wa wanawake na vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kumkopesha mama wa mkaa mtaji wa kuku au wa bustani, na kuzisaidia familia zipate majiko banifu. Shamba la kanisa liwe la kwanza kijijini kuacha ukingo wa mto uote. Na siku ya mavuno, kabla mnada haujaanza, tuyaweke madhabahuni pamoja na ndizi na mahindi maswali mawili: ardhi iliyotoa haya tumeiachaje, na yule wa chini ya mto amebakiwa na nini?

Bwana mwenye nyumba atusaidie kuyajibu kwa uaminifu. Amina.